Jirani alibisha hodi akaomba pani

Siku hiyo maji yalikatwa mtaa mzima. Nilikuwa naishi Sheffield, Uingereza, upande wa Page Hall, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kama mche wa sabuni ambao haujakatwa. Kampuni ya maji ilikuwa imetia vikaratasi milangoni siku mbili kabla, Kiingereza kitupu, kwamba watafukua bomba. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nikisikia maji yatakatika siambiwi mara mbili, usiku huohuo nikajaza ndoo, sufuria, beseni, mpaka birika la chai. Asubuhi kwenye saa nne nasikia hodi. Nafungua, ni yule mama wa nyumba ya pili kashika sufuria tupu, na mwanawe wa kiume kajificha nyuma ya sketi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na siku hiyo hata hicho kilimkimbia. Akainua sufuria akasema, "Pani. Pani, prosim."

Prosim nilikuwa naijua, ni "tafadhali" ya Kislovakia, ukikaa mtaa ule wiki mbili lazima uishike. Lakini pani! Pani nilikuwa naijua tangu sijaanza shule.

Nimekulia Makadara, na chini ya nyumba yetu alikaa bibi mmoja wa Kigujarati tuliyekuwa tunamwita Ba kama walivyomwita wajukuu zake. Maji yakikatika, na Mombasa maji hukatika, sisi watoto ndo tulikuwa tunamfuatia madebe kwa muuza maji wa mkokoteni. Akichungulia dirishani akiita "pani lavo!" tunajua kazi imeingia, na malipo ni kachori moja kwa kila mtoto. Kwahivyo neno hilo kwangu mimi limekaa pamoja na ladha ya kachori na ukwaju. Sasa leo mama wa Slovakia, ambaye hajawahi kuikanyaga India na wala mamake hajaikanyaga wala bibi yake, amesimama mlangoni kwangu ananiomba maji kwa neno la Ba.

Nikamjazia sufuria na ndoo moja juu yake. Kisha nikamuuliza, kwa kale kahindi kangu ka kuokota kwenye sinema, kama asili yake ni India. Akakataa kwa kichwa, akajiwekea mkono kifuani: "Me som Romni." Mimi ni mwanamke wa Kiroma.

Wengi wetu watu hawa tunawajua kwa jina la majipsi, na jina lenyewe ni kosa, manake limetokana na Misri. Walipoingia Ulaya ya magharibi watu waliamini wametoka Misri, jina likaganda, na hadi leo wengi wao hawalipendi kwa matusi yaliyokuja kulizunguka. Wenyewe wanajiita Roma, mmoja ni Rom, na Aprili 8, 1971 wawakilishi wao walipokutana karibu na London kwenye kongamano lao la kwanza la dunia waliamua jina liwe hilo. Bendera yao ina gurudumu katikati, buluu juu na kijani chini. Wako Ulaya kama milioni 10 hadi 12 kwa makadirio yanayotumika sana, yaani ni kabila dogo lililo kubwa kuliko yote ya bara lile, na hawana nchi. Lugha yao ni Kiromani.

Mimi si mwanaisimu. Nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee, zamu za usiku, na Jumapili nikiwa sina zamu nilikuwa naingia jikoni kwa yule mama na daftari la kurasa tisini na sita. Alishanizoea, akaanza kuniita miri phen, dada yangu. Naomba nieleze mapema ninavyoyaandika maneno yake, natumia herufi zetu: nikiandika kh kwenye bakht au yekh isome kama ya Khamis, lakini kwenye kher, na kwenye ph na th za Kiromani, hiyo h ni pumzi tu inayotoka baada ya herufi. Hapo kwenye pumzi nitarudi.

Tulianza na uso. Alijishika pua: nakh. Sikio: kan. Jicho: yakh. Jino: dand. Nywele: bal. Ulimi: chib, na hilohilo ndilo neno lao la lugha. Nikarudi nyumbani nikamtumia mamangu sauti kwa simu, maana mamangu alikaa na Ba miaka ishirini na kitu wakishonesha nguo pamoja, na Kigujarati chake cha jikoni kinanishinda mimi mbali. Mama, Ba alikuwa anaitaje pua? Naak. Sikio? Kaan. Jicho? Aankh. Jino? Daant. Nywele vaal, ulimi jeebh. Nilikaa kitandani nikayaandika sambamba, safu mbili, na wallahi nywele zilinisimama, kwasababu sikutafuta kitu, nimeanza na pua tu.

Mkono ndo ulinisumbua. Yule mama alisema vast na Ba alikuwa akisema haath, nikaona hapa hamna udugu, nikaweka alama ya kuuliza. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kilikuwa na hasta, na hayo mawili yote ni watoto wa huyo mmoja, ila Kihindi na Kigujarati zimeitupa ile s na Kiromani kimeishika. Yaani kwenye neno hili mama wa Slovakia anatamka kitu kilicho karibu zaidi na Kisanskriti kuliko anavyotamka mtu wa Delhi. Na tatu vilevile, Kihindi kinasema teen, Kiromani trin, ile r imebaki. Kwa mambo kama haya mwanaisimu Ralph Turner alionesha mwaka 1926 kwamba wazee wa Waroma asili yao ilikuwa kwenye lugha za India ya kati, kisha wakahamia kaskazini magharibi mapema, wakakaa huko muda mrefu kabla ya kuondoka kabisa, manake huko ndiko sauti kama zile hazikuanguka.

Wanaohesabu wanasema mizizi ya Kihindi iliyobaki ndani ya Kiromani ni kama 600 hadi 700. Unaweza ukaona ni kidogo. Lakini angalia ni mizizi gani! Kula ni kha, kunywa ni pi, kulala ni sov, kuona dikh, kusikia shun, kujua jan, kufa mer. Moto ni yag, moshi thuv, mvua brishind, usiku rat na damu pia rat. Nyumba ni kher, kaka ni phral, dada ni phen. Theluji ni iv, ambayo ni hima ileile iliyoko ndani ya jina la Himalaya. Mtu ni manush. Mungu ni Devel, na yule mama maziwa yakimwagika jikoni huita "Devla!", Mwenyezi Mungu, na jirani Mwingereza akisikia upande wa pili wa ukuta anaweza kudhani anaitwa shetani, kumbe ni deva ya Kisanskriti. Padri wao Mkatoliki wanamwita rashai, neno la rishi, wale watawa wa kale wa India, na kuna lahaja ambazo msalaba unaitwa trushul, jina la mkuki wa ncha tatu wa Shiva, mungu wa Kihindu. Dini imebadilishwa, jina la chombo limebaki palepale.

Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeandika Kiromani kwenye kitabu cha Ulaya alikuwa Mwingereza, Andrew Boorde, kitabu kilichapwa mwaka 1547, na akaiita lugha ya Misri. Humo mna salamu ameiandika "Lach ittur ydyues". Ukiitazama hivyo ni makorokoro. Nilimsomea jirani yangu polepole, akakunja uso, mara akacheka akanirekebisha: lacho tiro dives! Siku yako iwe njema. Miaka mia nne na sabini na ushei, ameshika sikio lilelile. Na dives, siku, Ba alikuwa anasema divas.

Ilichukua zaidi ya miaka mia mbili kutoka hapo mpaka wasomi wajue kwamba Misri ilikuwa uongo. Anayenigusa mimi hapa ni Johann Rüdiger, wa Halle, Ujerumani, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1782. Aliyoyafanya si uchawi: alichukua sentensi, akakaa na mwanamke wa Kiroma akamwomba amtafsirie, kisha akazilinganisha na kitabu cha sarufi ya Kihindustani kilichoandikwa na mmisionari. Mwanamke yule jina lake limehifadhiwa, aliitwa Barbara Makelin. Mimi nikisoma habari hii nafikiria zaidi upande wa meza aliokaa yeye, sentensi baada ya sentensi, mtu amembandikia masikio kwenye mdomo, na kilichotoka mdomoni mwake ndicho kilichorudisha njia ya watu wake wote hadi India. Mwaka uliofuata, 1783, Heinrich Grellmann akatoa kitabu kilichosambaa kuliko cha Rüdiger, kikaeneza habari ya India kila mahali lakini pia kikaeneza ubaya mwingi juu ya Waroma, na huo ubaya ulisomwa sana.

Sasa turudi kwenye pumzi, maana hapa mtu wa Mombasa ana faida. Kiswahili cha shuleni hakitufundishi, lakini ukimsikia mzee wa Mvita akisema paa la nyumba na paa yule mnyama, si sauti moja. Ya mnyama ina pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo utaisikia. Vilevile kaa la moto na kaa wa baharini. Basi Kihindi na Kigujarati pumzi hiyo wanaiweka hata kwenye b, d na g: bh, dh, gh. Kiromani kimeshika pumzi lakini kikaziondolea hizo herufi ule mngurumo wa kooni, zikawa ph, th, kh. Ukishaijua hiyo kanuni mlango unafunguka. Ghar, nyumba, inakuwa kher. Bhrata wa Kisanskriti anakuwa phral. Moshi wa Kihindi, dhuan, unakuwa thuv. Maziwa ndo nilipenda: Ba alisema dudh, pumzi iko mwisho, jirani yangu anasema thud, pumzi imehama kutoka mwisho wa neno imekuja mwanzo. Nilimrudisha aseme mara nne, kiganja changu kiko mbele ya mdomo wake, na mwanawe anatutazama kama tumerukwa na akili.

Na jina lenyewe, Rom, nalo limepita kwenye kanuni. India kuna watu waitwao Dom, kwa karne nyingi wakijulikana kwa kazi kama ngoma na muziki. Mashariki ya Kati kuna Wadom, ambao lugha yao Kidomari ilikuwa ikisemwa mpaka Jerusalem, na Armenia kuna Walom. Dom, Lom, Rom. Ile d ya India inayotamkwa ulimi umekunjwa kila kundi limeipokea kivyake.

Maneno yaliyobaki ndiyo yanayoeleza njia, na hili liliandikwa vizuri na Franz Miklosich kule Vienna kati ya 1872 na 1880: ukitaka kujua msafiri amepitia wapi angalia alichookota. Waroma waliondoka India kama miaka elfu moja iliyopita, pengine zaidi kidogo. Kwa Waajemi wakaokota bakht, na hapa nilishika kichwa, kwasababu bakht ni bahati, si kwa kufanana tu, ni neno lenyewe hasa, Kiajemi kikawapa Waarabu, Waarabu wakatupa sisi, na Waroma walijichukulia moja kwa moja njiani. Yule mama akikuombea heri husema "but bakht", bahati nyingi, na mimi kila akisema huitikia amina bila kungoja tafsiri. Kwa Waarmenia wakapata grast, farasi, na morthi, ngozi. Halafu Wagiriki, hapo walikaa sana, dola ya Byzantium, na Kigiriki kimeacha mengi: drom ni njia, petalo ni kiatu cha farasi, karfin ni msumari, amoni ni fuawe ya mhunzi. Chuma chenyewe lakini ni sastri, neno la India. Kwahivyo mhunzi wa Kiroma anashika chuma cha India anakipiga juu ya fuawe ya Kigiriki, na yote hayo anayataja kila siku bila hata kufikiria. Kiarabu kwao ni kidogo mno, yaani kinyume chetu kabisa.

Na nambari! Mtoto wa yule mama ndiye aliyenipa nambari, alikuwa anahesabu vidato vya ngazi akishuka: yekh, dui, trin, shtar, panj, shov, efta, okhto, enya, desh. Moja mpaka sita ni za India, tran na paanch za Ba zimo humohumo. Kumi nayo ya India, ishirini ni bish, mia ni shel. Lakini saba, nane na tisa ni za Kigiriki, efta, okhto, enya, na kwenye lahaja nyingi thelathini ni tranda, Kigiriki tena.

Hebu hesabu na wewe sasa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, za kwetu za Kibantu. Sita, saba, za Kiarabu. Nane ya kwetu. Tisa ya Kiarabu. Kumi ya kwetu. Ishirini, thelathini, mia, elfu, Kiarabu kitupu, kisha ukifika laki umeingia India. Mahali karibu palepale ambapo Waroma waliazima na sisi tumeazima, nambari za juu ya mkono mmoja, zile ambazo mtu anazihitaji sokoni na mgeni. Nimeishi na maneno ya watu wanaoniambia Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika, nimeambiwa na wageni na nimeambiwa na ndugu zangu wenyewe, na ushahidi wao wa kwanza siku zote ni sita saba tisa. Basi nikawa nikimtazama yule mtoto kwenye ngazi nasema, kuna mtu atathubutu kumwambia huyu kwamba ni Mgiriki kwa ajili ya efta?

Neno la zamani halifi kirahisi hata hivyo. Tandatu, sita ya asili, utaisikia kwenye mashairi ya zamani na kwa wazee. Kenda bado ipo, tisa haijaimaliza. Na saba ya kwetu imejificha kwenye harusi: fungate, zile siku saba za maarusi kukaa ndani, ndiyo hesabu ya zamani ya saba. Watu wanakwenda fungate Diani siku mbili wanarudi kazini na neno linaendelea kuhesabu saba.

Sisi pia tumechukua India, tena mengi, lakini tazama tulichochukua: pesa, gari, bima, hundi, gunia, laki, bepari, dobi, chapati. Maneno ya bandarini na dukani. Watu walikuja na dau zao, tukafanya biashara, tukakaa jirani, tukala kwao nao wakala kwetu. Hakuna aliyetuletea neno la pua, pua tulikuwa nayo. Kununua na kuuza ni maneno yetu, vinavyouzwa ndivyo vilivyokuja na majina yao. Kiromani kwa Kigiriki kimefanya vilevile, kununua ni kin na kuuza ni bikin, ya India yote mawili, ila kiatu cha farasi kinachouzwa ni cha Kigiriki. Ukitaka kujua mtu ametoka wapi muulize pua na maji na dada, ukitaka kujua amepita wapi muulize vifaa vya kazi.

Kuna neno moja tu ambalo mimi na jirani yangu tulikutana nalo sote kwa njia ya India. Fedha, ile madini nyeupe, wao wanaita rup. Alinionesha pete ya bibi yake, nyembamba, imeliwa na vidole: rup. Sisi tuna rupia, mzizi uleule wa fedha iliyopigwa chapa, na pwani yetu ilitumia rupia ya India mpaka ilipoondolewa kwenye koloni la Kenya mwaka 1920, shilingi ikafuata mwaka 1921. Mamangu anayo moja kwenye sanduku, ya babake. Nikamwambia jirani, pete yako na sarafu ya babu yangu ni neno moja. Alivua pete akaitazama kwa ndani kana kwamba limeandikwa.

Chumvi nimeiacha nyuma nayo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Wanaita lon. Nilimuuliza mama kwa simu nikijua nitapata, akaniambia Ba alikuwa anasema mithu. Nikaenda kwa mwenye duka wa Kipakistani pale mtaani, Kiurdu ni namak. Namak ni Kiajemi. Nikakata tamaa ya chumvi. Wiki ile ile kazini nikamuuliza nesi mmoja wa Kipunjabi, bila matumaini, naye hata hakufikiri: loon. Kisanskriti ni lavana, Wapunjabi wameishika, huku Kihindi na Kiurdu cha mjini wamehamia neno la Kiajemi la wafalme waliowatawala. Na Waroma walipita Uajemi kwenyewe, wakachukua bahati ya Waajemi, lakini chumvi yao hawakuibadilisha.

Nasema haya kwa moyo kwasababu nimekaa mtaa ule na nimesikia yanayosemwa. Kazini kwangu mtu aliniambia, akiwa na kikombe cha chai mkononi, kwamba wale hawana lugha, ni mabwabwajo ya kuficha wizi. Mtu mzima. Nilimjibu kwa hasira na sikumjibu vizuri, nilipofika nyumbani ndo majibu yakaja. Watawala wa Vienna wa karne ya 18, Maria Theresa na mwanawe Joseph II, ambao Slovakia ya leo ilikuwa chini yao, walipiga marufuku lugha hii, na watoto wakaondolewa kwa wazazi wao wakalelewe na wakulima ili waisahau. Wanazi waliua Waroma kwa malaki. Jirani yangu mwenyewe shuleni alikosomea akiteleza Kiromani alikuwa anasimamishwa kona, uso ukutani. Nikamwonesha kwa mkono kile kibao tulichokuwa tunavishwa shingoni shule niliyosoma mimi, diski, ukikamatwa unazungumza Kiswahili siku ya Kiingereza unakivaa mpaka umkamate mwenzio. Hatukuhitaji lugha ya tatu kuelewana pale. Tulikaa kimya akachochea supu.

Kuna mahali ambapo marufuku zilifaulu nusu. Hispania sarufi ya Kiromani ilikufa, kilichobaki ni Kaló, maneno ya Kiroma kwenye sentensi za Kihispania, na kalo lenyewe ni "mweusi" kama kala ya Kihindi. Uingereza vilevile, Waroma wa zamani wa huko wanatia pani na maneno yao mengine ndani ya Kiingereza. Lakini maneno yalilipiza kwa upole, manake pal, ile ya Kiingereza ya rafiki, ile tuliyokuwa nayo shuleni kwenye rafiki wa barua, pen pal, ni phral, kaka, bhrata. Yule bwana wa chai kazini huwaita wenzake wote pal.

Nilihama Sheffield kabla ya korona. Jumapili ya mwisho nilimpigia mamangu kwa video nikiwa jikoni pale, nikamkalisha mtoto mbele ya simu, alikuwa keshafika miaka saba na aibu imemwisha. Mama hajui Kiromani na mtoto hajui Kiswahili. Mama akaona ahesabu tu, akaanza kama Ba alivyokuwa akihesabu vitambaa: ek, be... Mtoto ametoa macho. Tran, mama akasema, na mtoto akapiga meza: "Trin!" Char, shtar. Paanch, panj. Wanapokezana sasa, sauti zinapanda, mamake kaacha mwiko ndani ya sufuria. Chha, shov. Saat, akasema mama, na mtoto akajibu efta, na mama akasogea karibu na kioo.

"Huyu hapa kapotelea wapi?"

Nikamwambia amepitia Ugiriki, mama, mngojee.

Aath, okhto. Nav, enya. Das, akasema mama, na mtoto akaruka na kiti chake, "Desh!"